Konokono Waliokuja na Zawadi

Watu wa mtaa wetu hapa Rumaithia wanamjua kaka yangu Marzuki kuwa ni mtu wa samaki. Thubutu! Marzuki alikuwa mtu wa zimamoto. Maisha yake yote ya kazi, maji kwake yalikuwa kitu cha kuzimia moto, na samaki alikuwa kitu cha kulia wali. Mimi ndiye dada yake, Sabika, nimemtangulia kuzaliwa, nimembeba mgongoni huku kamasi zikimtoka. Kwa hiyo nisikilizeni mimi, msiwasikilize wale wazee wanaokuja kumnywea kahawa kila Jumatatu.

Aliyekuwa na wazimu wa samaki ni mwanawe, Duaij. Mtoto wa pekee. Mama yake alifariki angali mdogo, nami nilikuwa nimeshafiwa na mume wangu, nikarudi kwa kaka yangu kumlea. Nililea, akakua, akapata kazi, na mshahara wake wa kwanza akaumalizia kwenye tangi la kioo refu kama jeneza. Akaliweka barazani, kile chumba wanaume wanamopokea wageni, akalijaza maji ya chumvi, mawe ya baharini na matumbawe yanayochezacheza kama vidole.

Marzuki alifoka siku hiyo mpaka majirani wakazima redio. "Bahari hiyo hapo, ukitema mate yanafika! Unailetea nyumbani ya nini?"

"Baba," Duaij akamjibu, "hiyo ya hapo wakati wa kiangazi inachemka. Yenyewe inatamani kuja kukaa kwetu kwenye kiyoyozi."

Ndivyo alivyokuwa. Huwezi kumkasirikia mtu wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Katika tangi lile kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote: kombe, chaza wale wakubwa wa kwenye miamba wanaokaa wazi, midomo yao ikitazama juu. Lilipokuja lilikuwa dogo, linaenea kiganjani. Midomo yake ilikuwa ya buluu yenye madoa ya kijani, na ukipitisha mkono juu ya maji, kivuli chako tu kilitosha kulifanya lijifunge. Yeye na rafiki yake Humud walishinda siku nzima wakilipangia mawe, hili chini, hili ubavuni, mpaka likapata kitanda. Likashika pale kwa nyuzi zake, likakua mpaka likawa kama sahani ya biriani. Ukitaka kulitoa lazima ujue jiwe lipi linaanza na lipi linafuata, na wanaojua walikuwa wawili tu.

Humud alikuwa mtoto wa nyumba ya pili. Yeye na Duaij walikuwa chanda na pete. Alikula kwetu, alilala kwetu, na mimi ndiye niliyempiga kofi siku walipomwaga maji ya chumvi kwenye zulia langu la Kiajemi. Aliniita shangazi, na nilikuwa shangazi yake kweli.

Kisha msimu mmoja wa baridi wakawa wanarudi kutoka kupiga kambi jangwani, Humud yuko kwenye usukani. Tairi likapasuka, gari likabiringika. Humud alitolewa na mfupa wa bega umevunjika. Duaij tuliletewa amefunikwa.

Siku ya tatu ya matanga, Marzuki alisimama mbele ya watu, mwili umemkauka kama ukuni, akasema: "Simdai Humud kitu. Ni kadari. Atakayemtaja kwa ubaya asikanyage hapa." Watu wakasema amina. Humud mwenyewe hakuyasikia, alikuwa hospitali. Alipotoka, wazazi wake walihamia mtaa mwingine, na yeye hakupita tena mtaani kwetu, hata kwa bahati mbaya.

Na mimi? Mimi sikusamehe. Siwafichi. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kutosamehe, kisha nikaendelea kutosamehe.

Matanga yalipokwisha, Marzuki aliingia barazani peke yake. Kulikuwa kimya, kimya kibaya. Kumbe katika ile pitapita ya wageni mtu alichomoa waya wa tangi apate pa kuchomeka birika la chai. Samaki wawili walikuwa wameshakufa, wanaelea. Kombe lilikuwa wazi nusu, halina habari. Kaka yangu, ambaye hakuwahi kutia mkono mle ndani, akatia mkono, akaligusa kwa kidole pale kwenye mdomo. Likajifunga, likambana kidole.

Nilimkuta hivyo. Amebanwa, machozi yanamdondoka kwenye maji.

"Dada," akaniambia, "hili liko hai."

Toka siku ile akawa mtu wa samaki. Alijifunza kama mtoto wa chuo. Kupima chumvi, kuongeza maji yanayokauka, kufuta kioo, kujua tumbawe lenye raha na lenye dhiki. Mwaka kiyoyozi kilipokufa katikati ya kiangazi, alijaza chupa za plastiki maji, akazigandisha, akawa anaziachia zielee tangini moja baada ya moja kutwa nzima, fundi hatokei, na mimi nagandisha nyingine. Mikono yake ilivimba kwa baridi, na nje watu wanakaangika.

Akapiga marufuku udi barazani. Jamani, baraza la watu wazima halina udi! Kuna mashine ya mapovu pale inayovuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini, na moshi wa udi ungeingia nao. Basi chetezo kikawekwa nje mlangoni.

"Baba Duaij, hili ni baraza au ni wodi?" alilalamika Mzee Falah, rafiki yake wa tangu zimamoto, mtu asiyeweza kukaa bila kuchokoza. "Hata kunukia tumenyimwa?"

"Fukiza ndevu zako mlangoni, halafu uingie."

"Na huyo kombe wako umeshamwamkia leo? Maana nasikia anapata salamu kabla ya dada yako."

Ilikuwa kweli. Kila alfajiri akitoka msikitini, kabla taa za tangi hazijawaka, Marzuki alivuta kiti pale mbele, akasema, "Umeamkaje?" Mimi nilikuwa nikitayarisha chai nasikia. Sikumcheka hata siku moja. Kombe lile ndilo kitu cha mwisho chenye uhai ambacho mkono wa Duaij ulikiweka mahali pake, na mahali pake kilikuwa bado.

*

Jumatatu moja, baridi ndiyo inaanza, baraza limejaa, nilikuwa kwenye mlango wa stoo tunakopitishia kahawa. Sikuwa nachungulia. Haya, nilikuwa nachungulia.

Akaingia Humud.

Alikuwa amekonda, na ndevu zake, kijana yule, zilikuwa zimeanza mvi. Mkononi ana boksi la barafu, yale ya kubebea samaki. Wazee wote wakaweka vikombe chini. Mzee Falah, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema neno la maana: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Humud akaenda moja kwa moja kwa kaka yangu, akainama, akambusu kichwani. "Ami, nimechelewa."

"Hujachelewa," Marzuki akasema. "Kahawa bado ya moto. Kaa."

Hakukaa. Alifungua boksi. Ndani, kwenye maji, mlikuwa na kombe dogo, midomo yake ya rangi ya dhahabu. "Nimelilea mwenyewe nyumbani. Duaij alikuwa akisema lile lake limekaa kipweke. Basi nimelileta liwe mwenzake." Mimi kule stoo hasira ilikuwa imenijaa.

Sasa sikilizeni. Mfuga matumbawe yeyote anajua kwamba kitu kikitoka tangi la mtu mwingine hakiingii kwako hivihivi. Unakitia kwanza kwenye beseni la maji yasiyo chumvi, unakigeuza, unakisugua chini kwa mswaki, kisha unakitenga wiki kadhaa. Kuna vijidudu vinavyopanda bure. Marzuki alikuwa mkali wa jambo hilo. Hata jiwe angepewa na mfalme lingepita kwenye beseni kwanza. Na beseni lilikuwa pale pale, la kijani, chini ya tangi.

Nikamwona kaka yangu analitazama beseni. Nikamwona Humud naye analitazama. Akafungua kinywa: "Ami, labda tuli..."

Marzuki hakumwacha amalize. Kwetu zawadi aliyoibeba mgeni kwa mkono wake huinusi, huipindui kutazama tako lake, wala huiogeshi mbele ya macho yake. Mgeni wa kawaida tu. Sembuse huyu! Kuliosha kombe lile mbele ya baraza zima siku ile kulikuwa sawa na kuwaambia watu: tazameni, mkono huu mchafu. Marzuki akakunja mkono wa kanzu, akalichukua, akalizamisha, akaliweka ubavuni mwa lile la Duaij.

"Karibu kwako," akasema. Sikujua anamwambia kombe au anamwambia Humud.

Wageni walipotoka niliingia na lile beseni nimelijaza maji yasiyo chumvi. "Haya, litoe tulioshe. Ameshaondoka, haoni."

"Rudisha beseni, dada."

"Marzuki! Una akili wewe?"

"Nimsitiri mbele ya watu, kisha nimwoshe kisogoni? Hiyo si stara, ni usengenyaji. Nimeshapokea."

Nilisimama pale na beseni mpaka mikono ikafa ganzi, nikidhani atabadilika. Hakubadilika. Nikaenda kuyamwaga kwenye rihani uani, nikiyasema maneno ambayo siyarudii hapa.

*

Humud akawa anakuja kila Jumatatu. Mwanzo alikaa tu akitazama tangi, kikombe kinapoa mkononi. Baadaye akaanza kucheka uchokozi wa Mzee Falah. Baadaye akaanza kula. Alimwambia kaka yangu kwamba tangu ile ajali hajashika usukani, anakwenda na teksi kama bibi harusi. Halafu Jumatatu moja akaja akiendesha mwenyewe, akaegesha mbele ya mlango wetu. Marzuki alitoka nje akaliangalia lile gari kama mtu anayeangalia mwezi wa Idi.

Mimi nilimpelekea kahawa, nikamwamkia, basi. Alipotaka kunibusu kichwani nilisogea.

Kisha alfajiri moja Marzuki akaniita. "Dada, njoo na miwani yako."

Alikuwa ameshika kurunzi. Taa za tangi zilikuwa hazijawaka. Pembeni mwa midomo ya kombe la Duaij niliona punje nyeupe, nyingi, kama mtu aliyeoshea mchele mle ndani. Nikawa namuuliza nani kamwaga mchele, na punje moja ikatembea.

Konokono. Wadogo, weupe, wenye ncha. Marzuki akamtoa mmoja akaniwekea kiganjani. Ni kupe wa makombe hawa: wakati wa giza wanapanda mpaka mdomoni, wanachomeka mrija wao kwenye nyama, wananyonya, taa zikiwaka wanateremka kujificha chini. Akageuza kombe dogo la dhahabu. Chini yake, kwenye mikunjo, punje zilezile.

"Wamekuja na hili," akasema polepole.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nilimaka. "Nilisema! Nilisimama hapa na beseni! Marzuki, mtu huyu amemuua mara ya kwanza, na sasa anamuua mara ya pili!"

Kaka yangu hajawahi kunikaripia. Siku ile alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Neno hilo," akasema, "usilirudie ndani ya nyumba hii."

Nikanyamaza. Lakini kunyamaza si kulimeza. Nililiweka hapa, chini ya ulimi.

Ndipo ikaanza kazi. Kila alfajiri Marzuki alikuwa amepiga magoti pale na mswaki na kibanio cha kung'olea nyusi, changu mimi, anawatoa mmoja mmoja. Lile dogo lilikuwa rahisi: alilitoa, akalisugua, akalirudisha. Lile la Duaij halikutoka. Lilikuwa limeng'ang'ania kitandani mwake kwa zile nyuzi, na ukilivuta kwa nguvu unalichana mguu, na likichanika limekufa. Konokono walikuwa wanateremka huko chini kusikofika mswaki, wanataga ute wa mayai, na kila kukicha punje ni zilezile, kama hakuna aliyeguswa.

Alikwenda sokoni, upande wa wauza ndege na samaki, akauziwa samaki mdogo mwenye mistari. "Huyu ndiye polisi wao, mzee wangu," muuzaji alimwambia. Kweli alifanya kazi siku chache. Asubuhi moja tukamkuta kwenye zulia, mkavu kama kijiti, aliruka nje. Akanunua wa pili, akaweka wavu juu ya tangi. Huyo wa pili alikuwa mvivu, anazunguka na kujitazama kwenye kioo.

Kombe likaanza kunywea. Midomo iliyokuwa imetandazika kama kanga ikajikunyata, ikapauka. Kivuli kikipita lilichelewa kujifunga, halafu likawa linajifunga nusu. Jumatatu zikifika Marzuki alipunguza taa za tangi.

"Ami, mbona giza?" Humud aliuliza.

"Samaki wamechoka na mwanga."

"Na kombe je? Naona kama..."

"Kunywa kahawa yako, mwanangu."

Wageni walipokwenda nilimvaa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuna mtu mmoja duniani anayejua kulitoa hili kombe bila kulichana, na umemkalisha hapa jioni nzima unamnywesha kahawa gizani! Mpigie simu. Kama wewe huwezi, nipe mimi."

Nilikuwa nimeshaishika simu yake. Akaniondolea mkononi, kwa upole.

"Nikimwita atakuja?"

"Atakuja mbio!"

"Atalitoa?"

"Atalitoa, ataliosha, litapona. Unataka nini tena?"

"Halafu atawaona konokono, dada. Atalitazama la kwake. Hahitaji kuambiwa. Umeliona lile gari analoliegesha mlangoni? Akijua, ataliacha hapo hapo aende kwa miguu, na hatutamwona tena. Safari hii hata Mungu hatamrudisha."

"Basi umwachie kombe la mwanao life? Kwa ajili yake?"

"Kombe si Duaij."

"Kama si Duaij," nikamwambia, nikilia sasa, "kwa nini umeliamkia kila alfajiri miaka yote hii?"

Alikaa akakitazama kioo, mzee mzima, mikono imechanika kwa chumvi. Moyo wake ulikuwa unachanwa pande mbili na mimi nilikuwa navuta upande mmoja. Nikaenda kulala nikiwa nimemchukia Humud kuliko siku ya ajali.

*

Lilikufa wiki ileile.

Nilisikia kiti kinavutwa, nikasikia "Umeamkaje?" Kisha sikusikia kitu. Nilipoingia na chai alikuwa ametia mkono majini. Kombe lilikuwa wazi kabisa. Alikuwa ameweka kidole pale kwenye mdomo, palepale pa siku ile, anangoja libane. Halikubana. Akakiacha kidole kwa muda mrefu, nami sikumwambia akitoe. Tulilia wote wawili. Watu wazima tunalilia kombe, acheni waseme.

Halikutaka hata nguvu kutoka. Nyuzi zilikuwa zimeachia zenyewe. Chini yake palikuwa peupe kwa konokono.

Jumatatu ilipofika nilimwambia asifungue baraza. Akasema baraza lake halijafungwa hata Duaij alipokufa. Akakaa. Nilikuwa naleta birika la kahawa, magharibi imepita tu, wazee hawajafika, mlango ukagongwa. Humud. Aliwahi makusudi; lile giza la wiki zilizopita halikumdanganya.

Alisimama mbele ya tangi. Pale kwenye kitanda cha mawe palikuwa na shimo.

"Ami, liko wapi?"

"Limekufa, mwanangu. Uzee."

"Makombe hayazeeki hivyo. Yanaishi kutushinda sisi." Akapiga magoti, akawasha mwanga wa simu yake, akalimulika la kwake. Tangu lile kubwa life Marzuki hakuwa ameshika mswaki. Kwenye ukingo wa midomo ya dhahabu kulikuwa na punje tatu, nne.

Akaisogeza simu karibu zaidi na kioo.

"Wametoka kwangu," akasema. "Kwangu nina samaki wanaowala, ndiyo maana sikuwaona. Wametoka kwangu."

"Wametoka sokoni," Marzuki akasema. "Nilinunua jiwe."

"Ami, hukuliosha. Nilikuwepo! Nilitaka kusema, nikaona haya." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akauweka kwenye zulia mbele ya miguu ya kaka yangu, taratibu, kama anarudisha kitu cha kuazima. "Mimi kila kitu cha Duaij ninachokigusa..."

Nilimtazama Marzuki. Kaka yangu hajui kusema uongo. Ule wa jiwe ulikuwa umemmaliza nguvu. Na mimi lile neno langu lilikuwa pale pale chini ya ulimi, nimelilea miaka, limenona. Mara ya pili. Siku yake ndiyo ilikuwa hiyo. Nikautazama ule ufunguo kwenye zulia. Nikakitazama kisogo cha kijana yule, chenye mvi, nilichokinyoa mwenyewe kila sikukuu alipokuwa mdogo.

"Nani kakwambia halikuoshwa?" nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Wewe unajua ya mbele ya watu tu. Ulipotoka, nani aliingia hapa na beseni limejaa maji yasiyo chumvi? Mimi. Lile la kijani, hilo hapo. Nimelishika mpaka mikono imekufa ganzi. Muulize ami yako kama nasema uongo."

Marzuki alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. "Alilishika," akasema. "Wallahi alilishika beseni."

"Sasa hawa..." Humud alisema.

"Sokoni, umeshaambiwa! Ami yako bahili huyu kanunua jiwe la bei rahisi kwa mtu hata jina hamjui. Nilimkataza, hasikii. Kaleta maradhi, yakaliua lile, sasa yamelipanda na la kwako, na wewe umepiga magoti hapo unalia badala ya kuliokoa. Kunja mkono! Unataka na hili life? Duaij angekuwepo angekupiga teke."

Sikuwa nimelitaja jina la Duaij mbele yake tangu msiba. Humud akaangua kilio, kile cha mtoto, na katikati ya kilio akacheka, kwa sababu ya ule ubahili. Akasimama, akanijia, akainama. Safari hii sikusogea. Alinibusu kichwani, nami nikamshika shingo, nikamvuta. Nilimhurumia. Nilikuwa na hamu naye, ndiyo kweli yenyewe. Nilikuwa nimefiwa na watoto wawili siku moja na mmoja wao alikuwa hai. Nilidanganya, na Mungu akiniuliza nitamwambia vilevile nilivyosema.

Nikalijaza beseni. Humud akatoa kombe lake la dhahabu, akalizamisha, mimi nimeshika, Marzuki anamulika. Konokono wakaanza kuachia mmoja mmoja, wakidondoka chini ya beseni kama mchele unaochambuliwa. Nje Mzee Falah alikuwa ameshafika, anafukiza ndevu zake mlangoni na kuuliza kwa sauti kubwa kama leo kahawa imefutwa.

"Mayai yatabaki, ami," Humud akasema, akifuta uso kwa kiwiko. "Lazima lisuguliwe kila siku kabla taa hazijawaka. Nije alfajiri?"

Marzuki aliinama kwa taabu, magoti yale ya zimamoto, akauokota ufunguo kwenye zulia, akaupangusa kwenye kanzu yake, akamtilia mkononi.

"Njoo," akasema. "Lakini uendeshe polepole."